Safari ya ghafla ilitutia majini, sasa kila mmoja anamlaumu mwenzake

Mshauri, habari za kazi.

Mimi na mume wangu tuko mwaka wa sita wa ndoa. Yeye ni mtu wa "twende", mimi ni mtu wa "ngoja kwanza". Tofauti hiyo haikuwahi kutugombanisha mpaka mwezi uliopita.

Tulikuwa kisiwani kwa mapumziko ya siku nne. Siku ya tatu, tukiwa mezani asubuhi, akasema tukodi pikipiki tuufuate ufuo mpaka upande wa pili wa kisiwa, tusimame popote patakapotupendeza, jioni turudi. Nikakubali kwa moyo mmoja. Kabla hatujatoka nikamwuliza maji yanapwa saa ngapi, kwa sababu nilitamani kutembea juu ya mwamba. Akatazama simu, akasema, "Kumi na ishirini." Nikajua tuna mchana mzima.

Tuliondoka saa nne na nusu. Saa sita na nusu tukafika kwenye rasi ya mawe, tukaegesha pikipiki mchangani, tukaizunguka rasi kwa miguu kwa chini, pakiwa pakavu kabisa. Ng'ambo yake tulikuta kijighuba cheupe kisicho na mtu. Tukakaa kama saa mbili. Saa nane na nusu tulipogeuka, ile njia haikuwepo tena. Maji yalinifika kiunoni na mawimbi yanasukuma kwenye jabali. Tulishikana mikono tukavuka. Nilichanika goti, nikakanyaga kitu chenye miiba, simu yake ilikuwa mfukoni ikafa. Pikipiki tuliikuta imelala ubavu, na mafuta yakaisha katikati ya njia. Tulisukuma mpaka giza likaingia, hatusemezani.

Yeye anasema mimi ndiye niliyeng'ang'ania kukaa pale. Mimi nasema alinipa saa ya uongo. Mwezi ujao tuna nafasi ya kurudi, na mwezi utakuwa mpevu vilevile kama siku ile. Anataka tutoke tena hivyohivyo, bila ratiba. Nimemwambia siendi bila mpango ulioandikwa, naye amejibu kwamba safari iliyoandikwa ni kazi. Nani mwenye kosa? Na je, ipo namna ya kutoka ghafla bila kuchezea roho zetu?

Niliyelowa

*

Dada Niliyelowa,

Pole na goti, na pole zaidi na ule ukimya wa njia nzima. Nianze na suala la kosa, maana ndilo limewakaba, na jibu lake limo ndani ya barua yako. Mumeo hakukupa saa ya uongo, na wewe hukumsikia vibaya. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kwenye simu aghalabu huandikwa kwa saa 24. Mumeo alikuta pameandikwa 10:20, akasoma tarakimu kama zilivyo: kumi na ishirini. Kwa saa zetu hiyo ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wewe ulisikia saa kumi na dakika ishirini alasiri, kama ambavyo yeyote anayehesabu saa kwa Kiswahili angesikia.

Maji yenyewe ndiyo ushahidi. Kama bahari ingekuwa inapwa mpaka saa kumi alasiri, basi saa nane na nusu ingekuwa inawapisha njia. Badala yake ilikuwa inapanda. Katika pwani nyingi, kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na takriban dakika kumi na mbili, kwa hiyo jedwali la siku ile lilikuwa na mistari minne inayokaribiana na hii: 04:08 kujaa, 10:20 kupwa, 16:33 kujaa, 22:45 kupwa. Sasa igeuze hiyo 16:33. Ni saa kumi na dakika thelathini na tatu alasiri. Wakati ule uliodhani bahari itakuwa chini kabisa ndipo hasa ilipokuwa inafika juu kabisa. Mlipowasha pikipiki saa nne na nusu, maji yalikuwa yameshaanza kurudi kwa dakika kumi.

Kugeuza saa ya jedwali ni rahisi mkikubaliana kuifanya kila mara, kwa sauti, wote wawili mkitazama kioo kimoja. Toa sita: 10:20 inakuwa saa nne na dakika ishirini. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 22:45 inakuwa 16:45, halafu saa nne na dakika arobaini na tano usiku. Tarakimu ya saa ikiwa sita au chini yake, ongeza sita: 04:08 inakuwa saa kumi na dakika nane alfajiri. Kisha taja sehemu ya siku, daima. "Maji yanapwa saa nne na dakika ishirini asubuhi" haiwezi kusikika vingine. Jambo la pili la kutazama kwenye kioo hicho ni jina la kituo cha pwani juu ya jedwali. Programu nyingi huchagua kituo chenyewe, na kituo cha bandari ya mbali kinaweza kutofautiana nanyi kwa nusu saa na zaidi.

Hata hivyo, saa peke yake haielezi kwa nini njia kavu iligeuka kina cha kiuno ndani ya saa mbili, na hili ningependa ulielewe vizuri kwa sababu ndilo litakalokuondolea hofu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja kama ndoo inayojazwa na bomba. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda kidogo sana, ndiyo maana mtu hudanganyika. Makisio ya mabaharia ni kugawa tofauti yote ya kupwa na kujaa katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuchukue bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, lenye tofauti ya mita 3. Hiyo ni sentimita 25, halafu 50, 75, 75, 50 na 25.

Weka safari yenu juu ya hesabu hiyo. Saa sita na nusu, mlipoizunguka rasi, zilikuwa zimepita saa mbili na dakika kumi tangu maji yapwe, na bahari ilikuwa imeshapanda kama sentimita 87. Njia yenu ilikuwa juu zaidi ya hapo kidogo, mkaiona kavu. Saa nane na nusu ilikuwa imepanda kama sentimita 233. Karibu mita moja na nusu imeongezeka mkiwa mmekaa kwenye kijighuba, kwa sababu mliingia mwanzoni mwa zile saa mbili za kasi. Tena mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu; hapo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, maji yakapwa mbali na kujaa juu. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hupungua sana. Rasi ileile, matembezi yaleyale, siku ya maji mafu isingewafanyia hivyo.

Pwani nazo hazifanani. Sehemu nyingi za Mediterania tofauti haifiki hata mita moja, lakini katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada hupita mita 15. Kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, hufikiwa kwa barabara inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka zimebandikwa pale pale kando ya lami, na bado magari hunaswa. Wanaonaswa si wajinga. Wanaiona barabara mbele yao ni kavu, wanaamini macho.

Basi jibu langu kwa swali lako kubwa: ndiyo, mnaweza kutoka ghafla, na hamhitaji ratiba ya kuandikwa. Mnahitaji kujua mambo manne kabla ya kuwasha pikipiki, na kazi hiyo ni ya dakika kumi. Maji yanafanya nini leo, jua linatua saa ngapi, tenki lina nini, na saa ya kugeuka ni ipi. Baada ya hapo mumeo awe huru kukata kona yoyote inayomvutia.

Kwa maji, kanuni ya matembezi juu ya mwamba, kwenye mafungu ya mchanga au chini ya majabali ni moja: ingieni maji yakiwa bado yanapwa, kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na dakika yanapofika chini kabisa muwe mmeshageuka. Siku ile mngepaswa kuwa mnaingia saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kugeuka saa nne na dakika ishirini. Kwa kuwa mliondoka hotelini saa nne na nusu, matembezi ya mwamba yalikuwa yamekwisha kabla hayajaanza, na siku ilikuwa na mambo mengine ya kutoa. Bahari haizuii safari ya ghafla, inaipanga tu. Maji yakipwa, ni wakati wa mwamba, vidimbwi na mapango. Yakijaa, ni wakati wa kuogelea kwenye ufuo wa mchanga wazi, ambao una njia ya kutokea nyuma yake. Kabla ya kushuka popote jiulizeni swali hili: maji yakifika pale kwenye mstari wa mwani mkavu, tutatokea wapi? Mkiona mwani hakuna, kwa kuwa maji hugonga jabali lenyewe, tazameni alama nyeusi na vikombe vidogo vigumu vilivyoganda kwenye mawe. Vikiwa juu ya kichwa chako, mahali hapo pote ni bahari.

Kwenye mafungu ya mchanga kuna mtego wa aina yake. Fungu mara nyingi huwa juu kuliko ardhi iliyo kati yake na ufuo. Maji yakianza kurudi, hujaza kwanza ule mfereji wa nyuma, wakati ninyi mnatazama mbele ambako mawimbi bado yako mbali. Mtu hugeuka akakuta mkondo kati yake na nchi kavu. Kwa hiyo mkiwa huko, mmoja atazame nyuma kila baada ya dakika chache.

Na ikitokea mmeshafungiwa? Hapa lazima niseme kwamba kule kuvuka kwenu, maji kiunoni na mawimbi yakipiga jabali, kulikuwa hatari kuliko kubaki. Maji yanayotembea yakipita magoti huanza kuinua uzito wa mtu, na wimbi moja likikusukumia jabali kichwa ndicho kinachofika kwanza. Kama pana sehemu ya juu ya alama ya maji, pandeni hapo, pigeni simu kuomba msaada, vaeni kila kikavu mlicho nacho, msubiri. Kwa hesabu ileile, njia yenu ingefunguka tena karibu saa mbili usiku. Ni muda mrefu, ni giza, unaboa na unatisha. Lakini mtu anakaa nao. Ikiwa hapana pa kupanda kabisa na lazima kuvuka, basi ondokeni mara mnapoona maji yamegusa njia, msingoje hata dakika tano. Begi lifunguliwe kamba za kifuani, nyuso zielekee mawimbi yanakotoka, miguu iburuzwe, na asogee mmoja huku mwingine amesimama imara.

Sasa jua. Gaweni mchana uliobaki: mkitoka, hesabuni saa zilizopo hadi machweo, ondoeni moja ya dharura, zilizobaki gaweni nusu. Hiyo nusu ikiisha mnageuka, hata kama ufuo mzuri uko mbele kidogo. Kwenye visiwa vilivyo karibu na Ikweta giza hushuka ndani ya nusu saa hivi baada ya jua kutua, hakuna jioni ndefu ya kukuokoa. Barabara ya ufuo nayo ina kona nyingi na mchanga, na kwenye ramani huonekana fupi kuliko inavyochukua.

Mafuta ni jambo ambalo watu wa pikipiki za kukodi hulipuuza kuliko yote. Pikipiki ya kukodi aghalabu hutolewa na mafuta ya kufika kituo cha karibu tu. Usiamini mshale wa geji, ambao hubadilika kwa namna pikipiki ilivyoegemea. Isimamishe wima, fungua kifuniko, tazama ndani kwa macho. Jazeni kabla ya kutoka mjini, na tenki likifika nusu mnageuka, bila mjadala. Watu wawili, upepo wa mbele na mchanga huongeza ulaji wa mafuta, na upepo wa baharini kwa kawaida huwa mkali zaidi alasiri, nchi kavu ikishapata joto. Njia iliyokuwa nyepesi asubuhi inaweza kuwa ya kupambana na upepo jioni.

Kuanguka kwa pikipiki nako kuna sababu inayoonekana. Stendi ya pembeni ina kikanyagio cha upana wa vidole vitatu hivi. Juu ya mchanga huzama polepole, pikipiki ikainama, mwishowe ikalala, na mafuta yakaweza kuvuja kwenye kifuniko. Huenda hata yale yaliyoisha njiani yaliishia mchangani. Egesheni kwenye ardhi ngumu, juu ya mstari wa mwani. Ikibidi mchangani, tia jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi, gia ikiwa imeingia. Mkipita mchanga barabarani, punguzeni mwendo kabla ya kuufikia, msishike breki ya mbele mkiwa ndani yake, na mchanga ukiwa mzito, wewe unashuka, unatembea, unapanda tena upande wa pili. Panda na kushuka kushoto, kwa kuwa bomba la moshi mara nyingi liko kulia na huunguza shavu la mguu ulio wazi. Akiungua mtu, ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini kamili, si dawa ya meno wala mafuta.

Kile ulichokanyaga, kama ni yule mdudu mweusi wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, miiba yake huvunjika ndani ya ngozi. Yeye, taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), na yule samaki anayefanana na jiwe, wote sumu yao hutulizwa na joto. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Ayapime mwenzako kwa mkono wake mzima, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi joto sawasawa na utaungua bila kujua. Miiba inayoonekana itolewe kwa kibanio, msiipondeponde kwa jiwe. Iliyo karibu na kiungo, au jeraha linalovimba na kuwa jekundu siku zinazofuata, ni ya daktari, na ulizieni chanjo ya pepopunda. Aliyechomwa na samaki-jiwe apelekwe hospitali moja kwa moja. Maji ya moto ni ya kupunguza maumivu njiani. Raba za kufunga kamba zingezuia sehemu kubwa ya hayo, kandambili hazizuii. Kwenye maji ya mchanga buruzeni nyayo badala ya kukanyaga, taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Begi lenu liwe dogo. Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya joto, na msiyahifadhi kwa ajili ya "baadaye", nyweni kabla ya kiu. Ukipata kichefuchefu na kichwa kikigonga, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe kidogokidogo kivulini. Simu moja iwe kazini, ya pili izimwe na kufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Losheni ya jua ipakwe upya kila saa mbili na kila mkitoka majini, na msisahau migongo ya mikono, juu ya nyayo na nyuma ya magoti, sehemu ambazo abiria wa pikipiki huungua bila habari kwa kuwa upepo humpoza. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, hata kama kuna mawingu.

Kuna jambo moja la kuogelea ambalo nalisema kwa uzito wote, kwa sababu ninyi ni wapenzi. Kwenye ufuo wenye mawimbi mtaona mahali maji yametulia, mawimbi hayavunjiki, pengine yana rangi ya mchanga au povu linaelekea nje. Macho hupaona pazuri pa kuogelea. Huo ni mkondo unaorudisha maji baharini, na hakuna muogeleaji anayeushinda kwa kupambana nao uso kwa uso. Ukikushika, elea, inua mkono, usihangaike. Mkondo hauvuti chini, huvuta nje, kisha hupungua nguvu. Ukipata nafasi ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka pale mawimbi yanapovunjika, nayo yakurudishe. Sasa, aliye nchi kavu asirukie majini. Najua mume au mke akiona mwenziwe anachukuliwa, miguu hutangulia akili, na ndivyo wengi wanaokwenda kuokoa wanavyozama. Mtupie kitu kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko au chupa kubwa mbili ndani ya begi, piga kelele, usimwondolee macho, mwonyeshe kwa mkono upande wa kuogelea. Kubalianeni hivyo mkiwa mmekaa, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu pale ufukweni hamtakuwa na nafasi ya kukubaliana.

Kuhusu ninyi wawili, nina mashauri mawili tu. Kwanza, anayeendesha asiwe ndiye mtunza saa. Mumeo ashike usukani na achague njia, wewe ushike saa ya kugeuka, iliyowekwa kama kengele kwenye simu, ili anayesema "muda umefika" iwe simu na si mke. Pili, neno "turudi" likitamkwa na yeyote kati yenu, mnarudi. Halijadiliwi pale pale, wala halidaiwi sababu. Mkitaka kulijadili, iwe baada ya kuoga na kula, maana mtu mwenye njaa, kiu na ngozi iliyoungua hana uwezo wa kusikiliza, hata awe na upendo kiasi gani. Sehemu kubwa ya ule ukimya wenu njiani ilikuwa kiu.

Mwonyeshe mumeo barua hii na lile jedwali, mkae upande mmoja wa meza. Usimtake aandike safari. Mtake akupe saa moja tu, ya kugeuka, na mengine umwachie, kwa moyo ule uliokuwa nao asubuhi ile mezani. Yeye naye akuondolee lile neno la kung'ang'ania. Mwenye kuamini kwamba maji yanapwa hadi saa kumi alasiri ana haki ya kukaa kijighubani saa nane.

Mwezi ujao, kama mwezi utakuwa mpevu tena, bahari itakuwa karibu palepale kwenye saa, kwa kuwa mahali pamoja bamvua hurudi na saa zinazokaribiana. Tarajieni kupwa kwenye saa nne asubuhi hivi siku ya kwanza, na kuchelewa kama dakika hamsini kila siku inayofuata. Kwa hiyo siku ya kwanza amkeni mapema, mkazunguke ileile rasi kuanzia saa mbili, mkiwa na raba, mkageuke kengele ikilia. Kijighuba kile mtakiona kikiwa kikubwa zaidi ya mlivyokikuta mara ya kwanza, maana mtakifikia maji yakiwa bado yanaondoka.